Kilichobaki cha Mwimbaji: Meridian, Kapkatet, Unguja

Mei 1933, ndani ya studio ya kampuni ya Victor jijini New York, palitandikwa kitanda karibu na maikrofoni. Jimmie Rodgers aliimba wimbo, akajilaza, akainuka, akaimba mwingine. Kifua kikuu kilikuwa kimemwandama tangu 1924, na mwenyewe alifahamu kwamba kila wimbo atakaoumaliza ni akiba ya mkewe Carrie na binti yao Anita. Alirekodi kwa mara ya mwisho tarehe 24. Tarehe 26 alikata roho katika chumba cha hoteli, umri wake miaka 35.

Mwili ulisafirishwa kwa treni hadi kwao Meridian, katika jimbo la Mississippi. Reli ndiyo iliyomlea. Baba yake alisimamia genge la mafundi wa njia. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto aliwabebea maji wafanyakazi, na alipokua akawa mtu wa breki, mpaka ugonjwa ulipomtoa kazini. Inasimuliwa kwamba behewa lenye jeneza lilipokaribia mjini usiku ule, dereva aliachia honi ya chini, ndefu, isiyokatika, ili watu wajue nani anarudi. Sijui maziko ya mwanamuziki mwingine yaliyopata kiitikio cha kufaa kuliko hicho. Honi aliyoiiga kwa koo lake kwa miaka yote ile sasa ilikuwa ikimlilia yeye.

Wapenzi wa muziki wa kantri humwita Rodgers baba wa muziki huo. Mimi nimemchagua kwa sababu nyingine: alienziwa na watu wa aina mbili wasiojuana, Wamarekani waliomfahamu uso kwa uso, na Wakipsigis wa Kenya ambao hawakumwona hata siku moja. Kando yake namweka Siti binti Saad wa Unguja. Rodgers alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, Agosti 1927. Siti alirekodi zake Bombay, Machi 1928. Mmoja aliimbia Victor, mwingine HMV, kampuni mbili zilizokuwa na undugu wa kibiashara, na juu ya santuri zao alichorwa mbwa yuleyule anayetega sikio kwenye pembe la gramafoni. Wote wawili walitoka kwa watu wa chini. Wote wawili walileta ndani ya muziki lugha ambayo wakubwa hawakuitarajia pale. Kisha walipokufa, kila jamii ilimkumbuka wa kwake kwa njia yake, na ni katika kukumbuka huko ndiko tunaona jamii hizo zinathamini nini hasa kwa mtu anayeimba.

Marekani ilianza mapema. Wiki chache tu baada ya mazishi, Gene Autry alikwishaingia studioni kurekodi wimbo wa kifo cha Rodgers. Mwaka 1936 kijana wa Texas aitwaye Ernest Tubb akarekodi nyimbo nyingine mbili za maombolezo, kwa msaada wa mjane. Carrie alimpa Tubb zaidi ya msaada: alimwazima gitaa la marehemu, lile la Martin lenye jina la mwimbaji shingoni na neno la shukrani lililoandikwa mgongoni, ambalo Rodgers alikuwa akiligeuza mwisho wa onyesho ili wasikilizaji walisome. Tubb alilipiga kwa takriban miaka 40. Leo limetunzwa Meridian.

Katika heshima zote alizopata Rodgers, hiyo ya gitaa ndiyo inayonigusa zaidi. Nyingine ni kubwa kwa macho. Mei 26, 1953, miaka 20 kamili tangu afe, Meridian ilizindua mnara wake, na kichwa cha treni ya mvuke kikawekwa hapo kama ukumbusho wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 1961 Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilipoteua watu wake watatu wa kwanza, Rodgers alikuwa mmojawao, pamoja na Hank Williams na mtunzi Fred Rose. Mwaka 1978 sura yake ilitolewa kwenye stempu ya posta. Merle Haggard alitoa albamu nzima ya nyimbo zake mwaka 1969. Bob Dylan akawakusanya waimbaji wa zama zake kufanya vivyo hivyo mwaka 1997. Shaba, chuma, karatasi, sauti. Lakini gitaa lilitoka mkononi mwa mjane likaingia mkononi mwa mwanafunzi, na mwanafunzi hakulitundika ukutani. Alikwenda nalo jukwaani usiku baada ya usiku, na kila alipolishika wazee waliokuwa ukumbini walijua ni la nani. Kantri imejengwa juu ya nasaba ya namna hiyo: fulani alimsikia fulani, naye alifundishwa na fulani. Mwimbaji mchanga akitaka kukubaliwa, hutaja kwanza waliomtangulia.

Nasaba hiyo, hata hivyo, ina majina yaliyofutwa. Wale aliowabebea maji Rodgers utotoni, waliomfundisha nyimbo za kazi na mapigo ya gitaa, wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi waliotandika reli za Mississippi. Bluzi aliyoiimba ilikuwa yao. Alichoongeza yeye ni ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, kisha ikashuka tena, mtindo waimbaji wa milimani Ulaya wanaouita yodeli. Ndoa ya bluzi na yodeli ndiyo iliyomtajirisha. Mnara wa 1953 uliwakumbuka watu wa reli kwa ujumla wao. Walimu wake hawakuandikwa jina hata mmoja. Julai 1930, huko Los Angeles, alirekodi wimbo mmoja akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya mke wa Armstrong, Lil Hardin. Hao walikuwa wanamuziki wakubwa tayari. Santuri ilipotoka haikuwataja. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo Mweusi aliyekuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, aliachishwa kazi mwaka 1941 na kuingizwa katika Jumba la Heshima mwaka 2005, zaidi ya miaka 20 baada ya kufa kwake. Nayasema haya kwa kuwa nampenda Rodgers. Mtu anayempenda mwimbaji hawezi kuridhika na kumbukumbu inayomfanya aonekane kama aliyejizaa mwenyewe.

Sasa twende Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, upande wa Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika hapo na mitambo yake. Aliwakuta wasichana wakiimba kwa chepkong, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa nyatiti ya Waluo. Wimbo wao ulimhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Tracey alieleza kwamba Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers. Gramafoni za wamisionari na walowezi zilikuwa zimeifikisha sauti yake vijijini, na Wakipsigis wakaamua kwamba koo linalopanda na kushuka namna ile haliwezi kuwa la mtu mtupu. Wakamfanya nusu mtu, nusu swala. Wasichana wanamwita aje acheze nao, acheze hasa, mpaka suruali imvuke. Wanaume nao walikuwa na nyimbo zao za Chemirocha, na Tracey alirekodi mbili kati ya hizo.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi Ulaya na Marekani, na karibu kila mara husimuliwa kama kioja: tazama jinsi watu wa mbali walivyodanganyika na gramafoni. Mimi naisikiliza rekodi ile na sisikii udanganyifu wowote. Nasikia ufundi. Nyuzi zinarudia mzunguko mfupi, sauti za wasichana zinaingia juu yake kwa wepesi, zikiachiana nafasi, na jina la mgeni limepewa umbo la Kikipsigis ili likae vizuri mdomoni. Mgeni amekaribishwa kwa kanuni za ngoma ya hapo: anasifiwa, anachokozwa kidogo, anaombwa acheze. Wameumbua mwili wake wote na kuutupa, wamesahau Mississippi, hawajui breki wala kifua kikuu. Walichokishika ni kile kilichomfanya Rodgers awe Rodgers, ule mruko wa sauti, nao wakaupa mwili unaoustahili, mwili wa mnyama arukaye. Ukiniuliza ni nani aliyemsikiliza Rodgers kwa makini zaidi, wapiga kura wa 1961 au wasichana wa Kapkatet, nitawapa ushindi wasichana.

Tena wenyeji hawakuachiwa hata kilicho chao. Rekodi zile zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na kwa miongo mingi wageni waliweza kuzinunua huku kijiji kilichoziimba hakina nakala. Katikati ya miaka ya 2010 wasimamizi wa maktaba hiyo, wakishirikiana na wanamuziki wa Kenya, walizirudisha Kapkatet na kuwatafuta waimbaji waliokuwa bado hai. Miaka 65 ilikuwa imepita. Na mapenzi ya Wakenya kwa kantri hayakuishia kwa Chemirocha. Vizazi kadhaa vimekua na sauti ya Jim Reeves redioni, na Nairobi ina mwimbaji wake wa kantri, Elvis Otieno, anayejaza kumbi kwa nyimbo za aina hiyo.

Mwaka huohuo wa 1950, Julai 8, Siti binti Saad alifariki Unguja. Alizaliwa Fumba yapata 1880, mtoto wa watu waliopitia utumwa, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuitambua kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini. Akafundishwa uimbaji na Muhsin Ali, akaingia katika kundi la wapigaji, na kwa pamoja wakaitoa taarabu mahali ilipokuwa. Tangu enzi ya Sultan Barghash muziki huu ulikuwa wa jumba la kifalme, na lugha yake Kiarabu. Siti aliuimba kwa Kiswahili, katika nyumba ya kawaida mtaani Ng'ambo na mbele ya Sultani vilevile. Santuri zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu pwani nzima na bara.

Hapa ndipo ulinganishi unapokuwa mgumu, na mtamu pia. Rodgers aliimba habari zake. Mwaka 1931 aliurekodi ugonjwa wake mwenyewe katika wimbo, bila kuuficha, akiwaambia wasikilizaji kinachomsubiri. Anayetaka kuandika maisha ya mwimbaji wa kantri huyapata nusu yake ndani ya nyimbo: umaskini, pombe, ndoa, treni, kifo. Siti hakuimba hivyo. Adabu ya taarabu ni mafumbo, na pale fumbo linapofunuliwa hufunuliwa juu ya mji, si juu ya mwimbaji. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu kesi iliyoutikisa mji: mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa, mtuhumiwa akatoroka, na waliofungwa ni wanawake waliomkaribisha na kutoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ilikwishahukumu. Siti na wenzake walikata rufaa mbele ya watu. Katika kazi ya namna hiyo mwimbaji hujiweka kando. Hata wale waliomdhihaki kwa sura na asili yake aliwajibu kwa ubeti usiomtaja yeye wala wao.

Ndiyo maana Siti alihitaji mtu mwingine amwandike, na bahati yake ilikuwa kubwa, kwani mtu huyo alikuwa Shaaban Robert. Alionana naye katika siku zake za mwisho, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa mwaka 1958. Tusiupite haraka uzito wa jambo hilo. Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na tenzi za Mtume, za mashujaa, za vita. Mwanamke mfinyanzi, mzawa wa watumwa, mwenye kipato cha uimbaji, kazi ambayo waungwana wengi waliidharau, sasa alikuwa mada ya kitabu kizima cha mwandishi mkuu wa lugha hii. Shaaban Robert alijua kuomboleza. Shairi lake la Amina, kwa mkewe aliyefariki, lingetosha kumthibitisha. Lakini kwa Siti hakuandika maombolezo. Aliandika mfano wa kuigwa. Anachokipima ni subira yake, ukarimu wake, unyenyekevu wake baada ya utajiri, namna alivyostahimili matusi. Sauti inasifiwa, ndiyo, lakini nyuma ya sauti mwandishi daima anaitafuta tabia.

Kwa msomaji aliyezoea jinsi Wamarekani wanavyowaandika waimbaji wao, hilo linaweza kuonekana kama kasoro. Kule siku hizi mwandishi hufunua: nani alilewa, nani alimwacha nani. Mimi naona Shaaban Robert alikuwa na hekima iliyofaa wakati wake na mahali pake. Siti alikuwa ametukanwa hadharani maisha yake yote ya kazi. Kumwandika kwa heshima, kumwita kwa jina alilojipatia na si kwa lile alilopewa alipozaliwa, kulikuwa ni kumjengea stara ambayo mji ulijaribu kumvua. Pwani haimjengei marehemu sanamu. Anazikwa mapema, udongo unasawazishwa, inasomwa hitima, na kinachobaki ni kutajwa kwake kwa wema. Wasifu ule ni kutajwa kwa wema kulikofanywa kwa kurasa nyingi, na umeishi kuliko minara mingi.

Kuna heshima ya tatu aliyoipata Siti, nayo ilitoka kwa wanawake. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alizishika nyimbo zake na kuziimba mpaka uzeeni, Kijiti ikiwa miongoni mwazo, akisimama jukwaani miguu mitupu, sauti imekwaruzika kwa umri na moshi. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX Ulaya, na alipofariki Aprili 17, 2013 umati mkubwa ulimzika Unguja. Bi Kidude hakumwiga Siti. Siti aliimba kwa stara ya buibui na matamko ya aliyesoma Qur'ani. Bi Kidude aliirudishia taarabu ukali wa ngoma ya unyago. Alifanya alichofanya Tubb kwa lile gitaa, isipokuwa yeye hakurithishwa chombo, alirithi beti. Chama cha waandishi wa habari wanawake Tanzania, TAMWA, nacho kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Wanahabari waliokuwa wakiandika juu ya wanawake waliopigwa, walionyimwa haki mahakamani, waliona kwamba kazi hiyo ilikwishaanzwa na mwimbaji miaka 60 kabla yao.

Nikiziweka heshima hizi pamoja, naona kila moja imebeba kitu ambacho nyingine imekiangusha. Meridian ina vyombo, tarehe na nasaba, ila imepoteza walimu. Kapkatet imebeba sauti na furaha yake, imeacha maisha yote. Unguja imebeba heshima ya mtu na ujasiri wa maneno yake. Kilichopungua Unguja ni sauti yenyewe. Vijana wengi waliosoma Wasifu darasani, wakajibu maswali ya mtihani juu ya dhamira na wahusika, hawajapata kumsikia Siti akiimba. Wanajua alikuwa mvumilivu. Hawajui alivyovuta pumzi kabla ya kibwagizo, wala alivyoikokota irabi ya mwisho juu ya udi mpaka maana ya ubeti ikabadilika. Na hilo ndilo alilofanyia kazi; subira ilikuwa yake nyumbani.

Santuri za 1928 hazijapotea zote. Baadhi zimo katika makabati ya wakusanyaji na kumbukumbu za kampuni huko Uingereza, chache zimetolewa upya kwenye mikusanyiko inayouzwa mbali na pwani. Kama maktaba ya Afrika Kusini iliweza kurudisha rekodi Kapkatet, hizi nazo zinaweza kurudi. Napendekeza Wasifu wa Shaaban Robert utakapochapwa tena uambatane na nyimbo hizo, zisikilizwe darasani kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa, na mwalimu aruhusu wanafunzi waziimbe. Na kwenye jalada la mkusanyo huo yaandikwe, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la Siti, majina ya waliokaa naye mbele ya mashine kule Bombay na katika safari za baadaye: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam, Maalim Shaaban.